Masharti Sitini na Moja ya Pampu

Kuku alimeza injini asubuhi ya Jumatano, na Ndugu Eustace akaomba apewe nyingine.

Injini ilikuwa punje ya karanga. Eustace, mtaalamu kijana kutoka mkoani, alikuwa amechora miduara kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, akaitandaza chini mbele ya ofisi ya kijiji. Mduara huu injini imezimwa, ule imewashwa, ule pale tangi limejaa. Akawa anasukuma karanga toka mduara hadi mduara, aone kama pampu ya kijiji itaweza kujiendesha bila mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa Marcelina. Tangu kijiji hicho cha ujamaa, upande wa Lusu, kianzishwe, ndiye aliyewasha injini, akachungulia tangi, akafunga koki. Waliojaribu kumshikia kazi waliunguza injini mara mbili. Sasa binti yake Imakulata, kule Itetemia, Tabora, alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi minane, na mwenyekiti alikwisha kusema: mama haondoki mpaka uje mtambo wa kuendesha pampu badala yake.

Basi Marcelina akajibu kila alichoulizwa. Aliposema tangi likijaa huzima injini na kufunga koki, Eustace alimrudisha nyuma: sharti moja, jambo moja. Kila sharti likapewa namba na fungu lake: mambo ambayo mtambo unayaona, mambo unayoyatenda, na mambo yasiyoruhusiwa kutokea hata siku ya kupokea mwenge.

"Na huo mtambo utajuaje kisima kinakaribia kukauka?" Marcelina aliuliza. "Mimi husikia injini inakohoa, kama mzee wa tumbaku."

"Utasikia nao."

"Kwa masikio gani, mwanangu?"

"Sisi tunaandika masharti tu, mama. Masikio ni kazi ya wizarani."

Akaandika namba thelathini na nane: mtambo usikie. Thelathini na tisa: usisinzie injini ikiwaka. Arobaini: wenye wagonjwa wateke kwanza. Arobaini na moja, uwe na ujasiri wa kumnyima mwenyekiti maji ya kufyatulia matofali yake. Hapo mwenyekiti akakumbuka ana kikao.

Kufika mwisho, Eustace alikuwa amekariri yote. Wanawake kisimani walimtania wakimtajia namba, naye akawamwagia sharti lake bila kufungua daftari.

Siku ya kumi karanga ilizunguka miduara yote bila kukwama. Eustace akakunja karatasi yake, akaaga. Marcelina akaanza kukusanya khanga za mjukuu.

Wiki ya tatu ikaja barua ya wizara. Mwenyekiti akaisoma kwa sauti: masharti yote sitini na moja yamepitiwa, na hakuna linalogongana na jingine. Mtambo unaoyatimiza yote umetafutwa, na umepatikana humu humu nchini, bila kutumia fedha za kigeni. Utafika Jumamosi kwa lori.

Jumamosi wanaume walileta magogo manne ya kuuteremshia. Marcelina alikaa kando na sanduku lake, tayari kurudi na lori hilohilo. Lori likasimama. Turubai likafunuliwa.

Hapakuwa na kasha lolote. Palikuwa na Eustace, amekalia godoro lake.

"Shikamoo, mama," alisema, akinyoosha mkono apokee ufunguo wa banda la injini.