Kivuli cha Mkaratusi

Serikali ilitangaza kwamba itafunga sola bure kwa kila nyumba yenye mtu. Mjumbe wa mtaa, Shamte, akapita na daftari lake. Kwa jirani yake Bi Siwema hakubisha hata hodi. Aliandika tu: nyumba haina mtu. Mafundi walipokuja kumfungia sola yeye, akatuma kwa Bi Siwema kuazima ngazi.

Bi Siwema, aliyekwisha kusikia alivyoandikwa daftarini, aliitoa ngazi. Kisha akanunua mche wa mkaratusi, akaupanda upande wa machweo, ubavuni mwa ukuta wa mjumbe. Miaka minne aliumwagilia maji ya kuoshea vyombo, hakumwambia mtu neno.

Leo Shamte alibisha hodi mara tatu.

"Bi Siwema, mti wako umenifunika. Ikifika saa nane sola haichaji tena, na jua likizama tunakaa gizani. Nakuomba, jirani, tukate japo matawi."

Bi Siwema aliendelea kusuuza sufuria.

"Mjumbe, si uliandika nyumba hii haina mtu?"

Shamte akageuka kuutazama mti.

"Basi hapo unamwomba nani?"

Akanyanyua beseni, akampita mlangoni kama anayepita nguzo, akaenda kuyamwaga maji shinani, taratibu, mpaka tone la mwisho. Juu ya bati la mjumbe, kivuli kilikuwa kimeshaimeza paneli ya kwanza, na sasa kilikuwa kinaigusa ya pili.