Kona Nyuma ya Kiti

Asubuhi Kibwana alimkalisha mkewe, Mwanahamisi, kwenye kiti chumbani, akampiga picha kwa kamera ya zamani, kisha kwa ile mpya, apate kuzilinganisha.

"Hujachoka kunitazama?" mkewe aliuliza.

"Nakutazama wewe? Natazama giza lililo nyuma yako."

Mchana, studioni kwake uani, alizikuza picha kwenye kompyuta. Akahesabu kope za mkewe moja moja, wala hakuona kwamba zimelowa. Kisha akaiangaza ile kona yenye giza. Kamera ya zamani ilitoa chenga tupu. Ile mpya ilionyesha kila kitu: sanduku limefungwa, na buibui limekunjwa juu yake.

"Mwanahamisi, njoo uone kamera!" aliita, kabla hajaelewa alichokiona.

Akakimbilia chumbani. Kiti kilikuwa palepale alipomkalisha, na kona ilikuwa tupu, imejaa jua.