Maji ya Mtaroni

Fundi cherehani alipiga magoti ukingoni mwa mtaro, nyuma ya machinjio, akazamisha chupa mpaka kiganja chake kikapotea kwenye maji meusi. Povu lilimpanda hadi kwenye saa. Hakukunja uso. Siku hizi pua yake ilikuwa kama ya mtu mwingine.

Alikaza kifuniko, akaifuta chupa kwa kipande cha kitambaa kilichobaki aliposhona suruali ya mteja, akashika njia ya maabara.

Mlinzi alimwona tangu mbali.

"Fundi! Leo umetuletea chai au supu?"

"Supu."

"Basi pitisha upesi, njaa isije ikanizidi."

Fundi alipita bila kucheka. Mlinzi akajikuna shingo, akafunga geti.

Ndani, mtafiti aliipokea chupa kwa glavu. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyekuwa na tabia ya kukohoa kila alipotaka kusema jambo zito. Bakteria aliyekuwa akimtafutia dawa alikuwa ameingia wodini akakataa kutoka. Dawa zote za hospitali zilikuwa zimegonga mwamba kwake. Sasa mtafiti alitaka virusi, si vile vinavyowaletea watu magonjwa, bali vingine vidogo mno ambavyo chakula chao ni bakteria tu. Navyo hukaa palepale bakteria wanapokaa, kwenye uchafu.

Ndiyo maana kila chupa ilichujwa, tone moja likadondoshwa kwenye kisahani kilichooteshwa bakteria wa wodini, kisha wakangoja. Kitundu kikionekana kwenye utando wa bakteria hao, kuna kitu kimekula.

Hakikuwa kimeonekana hata kimoja. Na mgonjwa aliyekuwa kwenye mashine ya kupumulia alizidi kuzama.

Mtafiti alikohoa. "Fundi, naweza kumtuma mtu mwingine akachote. Wewe ukapumzike. Hakuna atakayekulaumu."

"Nikapumzike wapi?"

Mtafiti aliigeuza chupa, akaandika tarehe kwenye kifuniko.

Kutoka hapo fundi alivuka barabara mpaka hospitalini, akasimama mbele ya kioo cha chumba cha wagonjwa mahututi. Upande wa pili mwanamke alilala kitanda cha dirishani, bomba mdomoni, uso umevimba hata huwezi kujua akicheka anafananaje. Muuguzi aliyehamishiwa wodi hiyo juzijuzi alimletea kiti.

"Kaa, baba. Mkeo anapambana."

"Asante."

"Wenzake humu hawana hata wa kuwachungulia. Yeye ana bahati."

Fundi alikaa. Alitazama shuka likipanda na kushuka kifuani. Alingoja uchungu umjie, maana alijua ndio wakati wake. Haukuja. Kilichokuja ni simu ya binti yake.

"Baba, inatosha sasa. Rudi nyumbani, watu wanakuulizia."

"Nakuja."

"Nguo za mama nimeshazikunja. Nizipeleke wapi?"

"Ziache hapohapo kitandani."

"Baba..."

"Ziache kwanza, mwanangu."

Kesho yake alichota kwenye mfereji wa mabanda ya kuku. Siku nyingine shimo la choo cha stendi. Wateja waliobaki walianza kulalamika. Mmoja alirudisha gauni la harusi, akasema linanuka kama limeshonewa chooni. Fundi alimwomba radhi, akalifua mwenyewe, akalipiga pasi, na jioni akarudi mtaroni.

Chupa iliyojibu ilitoka kwenye dimbwi nyuma ya chumba cha kufulia mashuka ya hospitali. Mtafiti alimwita kwa simu, sauti haitulii.

"Njoo uone mwenyewe."

Kisahani kilikuwa kama uji uliopoa na kushika utando, na katikati ya utando palikuwa na matundu, safi, kama yaliyotobolewa kwa sindano.

"Wameliwa," mtafiti alisema, na machozi yakamtoka. Akayafuta kwa bega kwa sababu ya glavu. "Fundi, wameliwa."

Fundi aliinama, akatazama sana.

"Sawa," alisema. "Vinatosha kumtibu mtu?"

"Tutavizalisha, tutavisafisha. Kamati ya hospitali ikiruhusu, daktari wa wodi atavitia kwenye dripu. Sikuahidi kitu."

"Sawa."

Kamati iliruhusu, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kujaribu. Dripu ilipoanza, homa ilipanda kwanza, mpaka daktari akavuta kiti akakaa kando ya kitanda. Kisha ikashuka. Usaha mapafuni ukakauka. Mashine ikapunguzwa, ikapunguzwa tena, bomba likatolewa.

Muuguzi alitoka mbio, akamkuta fundi kwenye kiti chake.

"Baba! Amefumbua macho! Vaa joho hili uingie." Fundi hakuinuka. "Mbona umeganda? Mwanaume mzima unamwogopa mkeo?"

Fundi alivaa joho, akafunga kamba zake polepole, akaingia, akasimama miguuni pa kitanda.

Muuguzi aliinama sikioni pa mgonjwa. "Mama, tazama nani yuko hapa. Hajakosa kuja hata siku moja."

Mwanamke alimtazama fundi kwa muda mrefu. Alimtazama mikono, akamtazama uso.

"Ni nani huyu?" aliuliza, sauti ikikwaruza.

Muuguzi alicheka. "Usijali, baba, ni dawa hizo, akili itarudi. Mama, si mumeo huyu?"

"Mimi sina mume."

Kicheko cha muuguzi kilikatika. Akamgeukia fundi.

"Hatujuani, dada," fundi alimwambia mgonjwa. "Kwenye kitanda hiki, kabla yako, alifia mke wangu."