Mizani Mbili Zilizopungua

Barua ya wachapishaji ilisema shairi la Bi Kibibi halina dosari hata moja, na kwamba akituma ada tu litachapwa kitabuni. Binti yake, Raya, alikwishashika simu atume hela.

"Subiri kwanza, mwanangu. Hebu nisomee hilo shairi."

Raya akasoma. Bi Kibibi alifumba macho, akawa anagonga meza kwa kidole, kila silabi pigo moja, kama alivyokuwa akifanya marehemu mumewe kila alasiri, penseli sikioni. Nane na nane. Nane na nane. Kwenye ubeti wa tatu kidole kikabaki hewani.

"Rudia hapo."

Raya akarudia. Nane na sita.

"Mizani mbili zimepungua," alisema Bi Kibibi. "Baba yako angenirudishia daftari, na chai asingeigusa mpaka niurekebishe mstari. Hawa hawakulisoma, Raya."

"Lakini wamekusifu, mama!"

"Baba yako hakunisifu hata siku moja."

Akairudisha barua kwenye bahasha. Kisha akauanza upya mstari ule, taratibu, akigonga meza. Alipofika pigo la sita akanyamaza, uso kaelekeza kwenye kiti kitupu cha mumewe, akasubiri.