Kochi la Bi Tabu

Bi Tabu alikuwa amepiga magoti sebuleni, pua kaitumbukiza kwenye pembe ya kochi, ananusa kwa hasira.

"Yumo," alisema. "Panya kafia humu humu."

Naima, binti yake, alisimama mlangoni na ndoo mkononi. Kichwa kilikuwa kikimgonga tangu alfajiri, na kochi hilo alikwishalisugua mara mbili, mara ya kwanza kwa siki, mara ya pili kwa ndimu na sabuni ya unga.

Balaa lilianza Alhamisi. Shangazi wa Talha, kijana aliyetaka kumposa Naima, alikuja kumtazama binti. Aliketi kwenye kochi hilo, akavuta pumzi, halafu akavuta ushungi mpaka puani. Chai aliiacha nusu kikombe. Alipoaga alisema tu kwamba jibu wataleta Jumapili, baada ya alasiri.

Bi Tabu hakulala vizuri tena. Naima alikuwa na miaka thelathini na moja, na posa mbili zilikwishapita hivi hivi. Shangazi yule ulimi wake Temeke nzima inaujua. Akitoka na neno kwamba nyumba ya Bi Tabu inanuka, nani atabisha hodi tena kumtaka binti wa nyumba hiyo?

Sasa ilikuwa Jumapili, na harufu ilikuwa palepale.

Mkosaji alijulikana. Farhan, kaka yake Naima, ndiye aliyetega sumu ya panya wiki iliyopita.

"Nilikwambia ununue mtego," mama yake alimfokea. "Wewe ukataka sumu. Haya, maiti iko wapi?"

"Mama, mie nimetafuta kila mahali. Panya hakuna."

"Basi mimi ndiye ninayenuka!"

Farhan alinuna. Tangu Jumatano, siku aliyobeba jiko jipya la gesi kutoka dukani kwa pesa yake mwenyewe ili wageni wasikute nyumba imejaa moshi wa mkaa, hakuna aliyemwambia hata ahsante. Jikoni mtungi haukuenea, akauweka sebuleni nyuma ya kochi na mpira wake akaupitisha chini ya pazia. Mama yake alisema mtungi unatia aibu, akaufunika kwa kitambaa cha maua. Shukrani ikawa hiyo.

Saa nne walilitoa kochi uani, wakalilaza kifudifudi juani. Farhan alichana kitambaa cha chini kwa wembe. Ndani walikuta sponji, shilingi mia mbili na sindano ya Bi Tabu iliyopotea mwezi wa Ramadhani. Panya hakuwemo. Naima alilinusa kochi huku na huku, akasema halinuki.

"Jua limelikausha," alisema Bi Tabu, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi akacheka. Waliacha milango na madirisha wazi, wakadeki sebule kwa maji ya sabuni. Naima alikaanga sambusa, akinung'unika kwamba jiko jipya moto wake umeanza kuwa mdogo. Jirani alifungulia singeli kwa sauti ya kutetemesha bati, na siku hiyo hata singeli haikumkera mtu.

Saa tisa Naima alizima jiko, nao wakalirudisha kochi ndani. Safari hii Bi Tabu alitaka lisukumwe nyuma kabisa ili wageni wapate nafasi ya kupita. Mguu wa nyuma ulikwama kwenye kitu. Farhan alisukuma kwa bega, Naima akasukuma kwa mikono miwili, ukaingia.

Hazikupita dakika kumi, Bi Tabu akainusa tena ile harufu. Zamu hii hata kupiga magoti hakuhitaji.

Aliketi kwenye stuli, akajifuta jasho kwa upande wa kanga. Machozi yalikuwa karibu.

"Tuwape viti vya plastiki," Naima alisema. "Wakae uani."

"Wageni wa posa uani? Wafikirie ndani tumeficha nini?" Alijiinua taratibu. "Nina udi. Udi wa mama yangu, niliuweka kwa ajili ya harusi yako. Nitaufukiza sasa hivi, na huyo panya atanukia na yeye."

Alimtuma Farhan akawapokee wageni barabarani. Kisha akatoka uani kuwasha mkaa.

"Naima! Funga madirisha yote, udi ukolee kwenye vitambaa. Na mlango wa mbele."

Naima alifunga. Alitandika mito, akainyoosha kwa kiganja, akamwomba Mungu kimoyomoyo angalau hii posa isimpite. Alimpenda Talha, jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Kichwa kilimwuma mpaka akaegemea ukuta. Kwa jirani singeli iliendelea kuunguruma.

Halafu msikiti wa mtaani ukaadhini alasiri, na jirani, kama kawaida yake adhana inapoanza, akazima muziki.

Muadhini alivuta pumzi kati ya maneno. Katika kimya hicho Naima alisikia mluzi mwembamba, usiokatika, unatoka nyuma ya kochi. Akainama kuchungulia. Madirisha yalikuwa yamefungwa na upepo haukuwepo, lakini kitambaa cha maua kilikuwa kinapepea.

"Nipishe, mwanangu," alisema mama yake, ambaye alikuwa ameshavuka kizingiti, chetezo mkononi, anapuliza makaa yakolee.