Kofia ya Kura Sare

Karatasi ilikuwa imejibana nyuma ya ukanda wa ndani wa kofia, imekunjwa mara nne, kavu kama ganda la kitunguu. Verna, karani wa jiji, aliigusa alipokuwa akifuta vumbi.

Wagombea wawili wa umeya walikuwa wamefungana kwa kura, na katika mji ule wa Ohio sare huamuliwa kwa kuchomoa jina kofiani. Mara ya mwisho ilikuwa miaka hamsini na mbili iliyopita. Jina lililotoka siku hiyo lilibandikwa kwenye kitabu cha kumbukumbu. La pili hakuna aliyejisumbua kulisoma.

Verna aliikunjua karatasi taratibu, akafungua kitabu, akalinganisha. Jina lile lile, mwandiko ule ule. Kumbe siku ile kofiani mlikuwa na mtu mmoja tu, mara mbili.

Na mtu huyo alikuwa ukumbini sasa, kiti cha mbele, mzee wa miaka tisini, amealikwa achomoe jina la leo.

"Mama Verna, watu wanakungoja," mlinzi aliita.

Aliingia na kofia. Karatasi mbili mpya akaziacha wazi mezani. "Kabla sijazikunja, kila mtu aje asome."

"Hatujawahi kufanya hivyo," diwani mmoja alinung'unika.

"Najua."

Watu wakapanga foleni, wakisoma na kutaniana. Mzee hakuinuka. Aliitazama kofia, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Binti, ule ukanda wa ndani, uliupangusa?"