Bado Nafikiri

Kwenye ubao wa sataranji, jirani alikula ngome ya Eugène, akakubali naye aliwe ya kwake. Kisha wakalana malkia kwa malkia.

Eugène alishtuka. Mrundi huyu hakuwa na pupa. Mchezo mmoja waliulea wiki nzima hapo kwenye kambi ya wakimbizi, na jioni ubao uliingizwa chini ya kitanda, kila kete mahali pake. Hata Eugène alipanga taratibu: farasi afike katikati, akingwe na askari, kisha angoje.

"Jirani, mbona leo unataka tulane tu?"

"Nataka tumalize."

Nyuma yake, mkewe alikuwa aking'oa mlango wa nyumba yao, misumari ameibana mdomoni asipoteze hata mmoja.

Eugène akaitazama misumari ile. "Mnatahuka? Mnarudi kwenu?"

"Lori la kesho. Na huko Burundi sina hata kiwanja." Hakuinua macho. "Haya, cheza."

Farasi wa Eugène alibakiza mruko mmoja tu kummaliza mfalme wa jirani. Kwa kanuni yao, kete ukiishika lazima uicheze. Eugène alimshika, akamwinua, akamrudisha palepale.

"Bado nafikiri," alisema.

Jirani aliona, lakini hakumdai aicheze kete aliyoishika.